Mstari Wenye Jina la Bi Makelele

Ofisini tulimwita Bi Makelele, naye aliitikia. Kazi yake ni kupima: sisi tunaandika programu, yeye anaitafutia ubaya. Kabla ya hapo alikuwa muuguzi miaka kumi na moja kwenye wadi ya watoto njiti, halafu akaacha, akaenda kusoma kompyuta darasa moja na watoto wa umri wa mwanawe. Kwa nini aliacha, aliniambia mara moja tu, tukisubiri birika lichemke. "Mashine moja ilikuwa inalia ovyo kutwa nzima," alisema. "Nikabandika plasta kwenye spika yake." Birika likachemka, akamimina maji yake, akaondoka. Sikuthubutu kuuliza zaidi.

Tunatengeneza mashine za kupumulia watoto wachanga, juu ya duka la betri za magari, meza sita na feni moja mbovu. Ndani ya programu yetu kuna sehemu inayofungua na kufunga vali ya hewa. Hiyo haina ruhusa ya kungoja chochote, hata kufumba na kufumbua, maana ikingoja yenyewe, na mtoto anangoja. Kwa hiyo tuna chombo tunachokiita mlinzi, kinachoichungulia programu ikiwa inatembea. Sehemu ya vali ikigusa tu kitu kinachoweza kuichelewesha, mlinzi anapiga kelele, kioo kinakuwa chekundu, kazi haipiti.

Lakini mlinzi naye ana mdomo! Mengine anayolalamikia hayana madhara, ndiyo maana kuna orodha ya kumnyamazisha: unaandika mstari, anaacha kuripoti hilo. Sheria ya Bi Makelele ni kwamba kila mstari uwe na sababu, na jina la aliyeukubali. Na wa kukubali ni yeye tu, baada ya kukuhoji mpaka ujute kuzaliwa.

Sasa mimi. Jumapili moja nilikuwa peke yangu ofisini, nimechoka, na hasira zangu ziko karibu, hata mama yangu analijua hilo. Mlinzi alikuwa ananipigia kelele kwa sababu ya kijisehemu kinachoandika taarifa mara moja tu, vali ikijaribiwa kabla mtoto hajaunganishwa. Upuuzi mtupu! Ningekinyamazisha hicho peke yake, ingekuwa sawa. Badala yake nikanyamazisha sehemu yote ya vali, na kwenye orodha ile ukimnyamazisha mama, wanawe wote, yaani kila kilichomo ndani yake, nao hawaripotiwi tena. Nilijua. Kwenye sababu nikaandika "haina neno." Kwenye jina nikaandika la Bi Makelele. Nitamwambia kesho, nikajisemea. Kesho ikazaa kesho, wiki tatu zikapita.

Siku ya kupeleka mashine ya kwanza hospitali, boksi limeshafungwa, dereva yuko chini anapiga honi. Wadi walikuwa na mtoto wa siku nne kwenye mashine kuukuu, wanatungoja. Bosi amevaa tai. Bi Makelele yeye ameichapa ile orodha kwenye karatasi, anaisoma mstari kwa mstari na rula. Rula ikashuka, ikashuka, ikasimama.

"Huu sikuukubali mimi."

"Si una jina lako?" bosi akasema huku akiangalia saa. "Tafadhali bwana, dereva anangoja."

"Dakika kumi tu. Naufuta, tunajaribu."

Akaufuta. Kioo kikawa chekundu juu mpaka chini. Mwenzetu tunayemwita Mrefu wiki ile alikuwa ameongeza, kwa nia njema kabisa, kazi ya kuhifadhi kumbukumbu ya kila pumzi, na ameiweka humo humo ndani ya sehemu ya vali. Mlinzi angemkemea siku ile ile, ila mimi nilishamziba mdomo. Bi Makelele akaijaza diski ya mashine ya majaribio mpaka ikakosa nafasi, ili kumbukumbu ikose pa kuandikwa, akawasha, sote tukainamia ule mfuko mdogo unaojifanya pafu. Ukapanda, ukashuka. Ukapanda, ukashuka. Halafu ukatulia. Moja. Mbili. Tatu. Ndipo ukapanda.

"Kwa mtoto wa siku nne," Bi Makelele akasema, "hizo ni pumzi mbili. Labda tatu."

Mrefu akakaa chini. Bosi akalegeza tai. "Hapa pana jina lako, mama. Kama umeupitisha wewe, leo ndiyo siku yako ya mwisho hapa."

Bi Makelele hakunitazama. Alikuwa anaikunja ile karatasi, mara mbili, mara nne. Hata angeendelea kukana, nani angemwamini, na jina liko pale? Niliogopa, nawaambieni. Nina mke, nina mtoto anasoma, nina hiki na kile. Mwoga hakosi sababu.

"Ni mimi, dada," nikasema.

"Najua. Nani mwingine humu huandika 'haina neno'?" Akaiweka karatasi mezani. "Nilikuwa nakungoja."

Matusi aliyonipa bosi nayameza mwenyewe, ni haki yangu. Bi Makelele aliacha amalize, kisha akapiga simu wadini, akaweka sauti kubwa, akanikabidhi niwaambie mwenyewe kwamba mashine haiji leo.

"Wadi ya njiti," muuguzi akaitika.

"Dada, napiga kuhusu ile mashine mpya—"

"Subiri kidogo, kaka, kengele inalia." Akaiweka simu chini.

Tukaisikia wote. Mashine kuukuu, inalia kule nyuma kwa nguvu zake zote. Vidole vya Bi Makelele vikawa vinagonga meza: moja, mbili, tatu, nne, tano. Macho ameyafumba. Dereva akapiga honi tena, hakuna aliyegeuka. Kengele ikanyamaza, kisha viatu vikarudi haraka haraka sakafuni.

"Haya, mpira ulichomoka, nimeurudisha. Anapumua," muuguzi akasema, akihema. "Ulikuwa unasemaje?"

Nikaanza na jina langu.