Matumbawe ya Soksi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwalimu Mkuu alinipokea mlangoni mwa ofisi yake pale Kibaha, hatua chache kutoka stendi ya Kwa Mathias. Hakuniuliza cheti. Aliniuliza kama naogopa kelele. Nikamjibu kwamba mama yangu anakaanga samaki stendi ya Kisarawe na mimi nimekulia chini ya meza yake, kwa hiyo kelele ndiyo iliyonilea.

"Basi utachukua darasa la awali," akasema. "Wale wadogo kabisa, wanaojiandaa kuingia la kwanza. Wahesabu wakiingia. Halafu wahesabu tena."

Alidhani ananipa amri. Mimi kuhesabu mara mbili nilikuwa nimeshajifunza kwa mama, maana samaki aliyehesabiwa mara moja ndiye anayeondoka na konda.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii sasa, mkiwa na simu zenye video za kila mnyama. Sisi tulikuwa na chaki. Wiki ile ya kwanza mada ilikuwa viumbe wa majini, nami nikauliza darasa samaki anaishi wapi. Wakajibu kwa pamoja, kwa uhakika kama wanataja majina yao: "Kwenye karai!"

Mmoja akawasahihisha wenzake. "Si karai. Anaishi kwenye friji, halafu ndiyo anahamia kwenye karai."

Nikacheka, lakini nilirudi nyumbani na wasiwasi. Bahari haiko mbali na Kibaha, na bado watoto hawa walikuwa hawajui kwamba samaki ana kwao. Kesho yake nilipita kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa, nikamwomba fundi kipande cha jiwe la matumbawe alilokuwa akiliweka kwenye msingi.

"Mwalimu, jiwe moja utajengea nini?"

"Bahari," nikamwambia.

Tulivutana pale kama watu wanaogombea shamba. Mwisho niliondoka na jiwe, na yeye akabaki na ahadi kwamba mwanawe atakaa mstari wa mbele.

Jiwe lile ndilo lililonifundisha kazi. Mtoto wa miaka mitano ukimwambia matumbawe ni wanyama, atakutazama kwa huruma. Mpe jiwe, aingize ncha ya kidole kwenye vile vitundu, umwambie kila kitundu kilikuwa nyumba ya mnyama mmoja laini, hapo ataanza kubisha hodi. Mnyama huyo anaitwa polipi. Ana mdomo uliozungukwa na vidole, na vidole hivyo ndivyo vinavyonasa chakula kinachopita kwenye maji. Wengi wakijenga pamoja kwa muda mrefu, unapata mwamba.

Tulifinyanga polipi kwa udongo, tukajenga mwamba kwa trei za mayai, tukatumia dodoki la kuogea kuonyesha jinsi maji yanavyopenya. Makombe ya baharini niliyachagua kwa woga. Darasa la awali ni pua na masikio, na chochote kidogo kitaingia humo. Kila kombe nililipima kwanza kwenye pua ya mtoto mwenye pua kubwa kuliko wote. Lililoweza kuingia sikulileta darasani.

Lakini zana iliyonipa jina ilikuwa soksi. Nilikusanya soksi nyeupe za shule zilizopoteza wenzao, nikazikata ncha. Mtoto anavaa soksi mkononi hadi kwenye kiwiko, anaficha ngumi ndani. Hapo yeye ni polipi. Nikigonga kopo la maziwa na kusema, "Maji yanakuja!" wote wananyoosha mikono mbele, vidole vinatoka na kutanuka kutafuta chakula. Nikisema, "Hatari!" samaki mla polipi amefika, basi vidole vinarudi ndani na ngumi inafungwa kwa nguvu zote. Tulicheza kila asubuhi, mpaka mikono yao ikawa inasikia kabla ya masikio.

Mthibiti Ubora, ambaye enzi hizo tulimwita mkaguzi, alitukuta katikati ya mchezo.

"Mwalimu, mbona watoto wamevaa soksi mikononi?"

"Kwa sasa si watoto, mheshimiwa. Ni matumbawe."

Akaandika kitu, akakifuta, kisha akauliza kama kuna soksi ya ziada.

Baada ya miaka mingi Kibaha nilihamishiwa Kisarawe, shule ya upande wa Marui, na huko ndiko nilikostaafia. Mwalimu Mkuu wa huko alikuwa mzee mwenye sauti ya kuita ng'ombe na moyo wa kuogopa kila kitu. Alipoona soksi zangu alichungulia dirishani. "Bahari iko wapi hapa? Mimi naona mihogo." Ilinichukua muda mrefu kumshawishi tuwapeleke watoto wakaone mwamba wenyewe. Kila nilipotaja faida, yeye alitaja ajali. Tulikubaliana nilipomwambia kwamba atakuja yeye mwenyewe, aogope akiwa karibu.

Tulichagua siku ya bamvua, ule wakati ambapo maji hutoka mbali sana na mwamba hubaki wazi. Tuliomba msaada kwa Mama Shomari, mwanamke wa pwani anayejua kila shimo la pweza la upande ule. Kabla hatujaingia alituonyesha konokono wa baharini mwenye gamba kama pia ya kuchezea watoto, lenye michoro ya kahawia utadhani limefumwa.

"Huyu mnamwona alivyopendeza? Ana mshale mdomoni, una sumu. Akimpiga samaki, samaki anakufa palepale. Binadamu naye si salama. Mkimwona, mikono nyuma."

"Mikono nyumaaa!" wakaitikia watoto. Nikawahesabu. Halafu nikawahesabu tena.

Tulipita kwenye mchanga tu, maana kukanyaga matumbawe ni kuyaua. Watoto waliokuwa wakipigana kugombea penseli walichutama kimya kwenye kidimbwi, wakitazama polipi wa kweli wakitanua vidole. Mmoja akaninong'oneza, "Mwalimu, wanacheza mchezo wetu." Hiyo ilikuwa furaha yangu ya siku ile, na ilidumu kidogo.

Maji yalipoanza kugeuka tulirudi ufukweni, watoto wakavaa soksi zao kwa mchezo wa mwisho, nami nikatoa kopo langu. Nikahesabu watoto, wakatimia. Nikasema, "Mikono juu!" nikahesabu mikono. Ikapungua mmoja.

Alikuwa Mwanahawa, mtoto mpole anayelelewa na bibi yake. Mkono mmoja ulikuwa juu. Wa pili, wenye soksi, ulikuwa umebanwa tumboni.

"Mwanahawa, mkono wako mwingine umefanyaje?"

"Umelala."

"Uamshe, mama, tuuone."

"Hautaki."

Nikapiga magoti. "Humo ndani umeshika nini?"

"Zawadi ya bibi. Ina michoro."

Mama Shomari alisogea nyuma yangu, fimbo yake ya pweza mkononi. Nikamtazama, akaitikia kwa kichwa taratibu: ndiye yule konokono.

Mimi mtoto wa Kisarawe namwelewa. Kwetu mtu hasafiri akarudi mikono mitupu. Ukienda hata Chole, kijiji cha jirani, kusalimia, watoto wanakimbilia mkoba wako kabla ya kukuamkia. Nilikuwa nimewafundisha kila kitu kuhusu mwamba, na hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba safari hii haina zawadi.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo kazi yetu ilipo. Ukimnyang'anya mtoto kitu, anakibana zaidi. Kila mwalimu wa awali anajua hilo kwa kovu. Na yule mnyama akibanwa ndipo anapopiga. Kwa hiyo nikafanya ninachokijua. Nikaanza biashara.

"Nipe mimi hicho, nikupe biskuti zangu zote umpelekee bibi."

"Bibi hana meno."

"Nitampa kanga yangu hii niliyovaa."

"Bibi anazo."

"Utakaa siti ya mbele kwenye basi, karibu na dereva."

Akafikiri kidogo. "Bibi hayumo kwenye basi."

Nimepatana bei na wauza samaki, mafundi na wakaguzi. Sijawahi kushindwa hivyo. Na wakati wote huo macho yangu yalikuwa kwenye soksi, nikitafuta kama mkono utashtuka.

Mwalimu Mkuu akafika. Mama Shomari akamnong'oneza, nikaona kifua chake kikijaa. Nikajua neno linalokuja. Mtu yeyote angepiga kelele hiyohiyo: hatari! Na kwa watoto wangu neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Funga ngumi kwa nguvu zote.

Nikamziba mdomo. Mwalimu Mkuu, mbele ya watoto, kwa kiganja chenye mchanga. Mkono wangu mwingine ukachukua kopo.

Niligonga taratibu, kama asubuhi yoyote darasani. Sauti nikaivuta iwe ya wimbo.

"Maji yanakujaaa!"

Mikono yote ikanyooka mbele. Vidole vikatoka kwenye soksi, vikatanuka. Vya Mwanahawa navyo. Lile gamba lilianguka kwenye mchanga wenye maji, mbali kidogo na miguu yake, likalala pale kama pia iliyochoka. Mama Shomari akalisukuma kwa fimbo yake ya pweza mpaka kidimbwini.

Nikashika mkono ule, nikaugeuza, nikautazama kila kidole. Halafu nikarudia. Ulikuwa mzima.

Mwanahawa aliangalia kiganja chake kitupu, kisha akaniangalia mimi. "Mwalimu, umecheza vibaya," akasema, akaanza kulia. Na mimi nikaanza.

Mwalimu Mkuu alitema mchanga. "Nikistaafu," akasema, "nitalisimulia hili. Leo siwezi."

Tulijaza chupa maji ya bahari iwe zawadi ya bibi, Mwanahawa akaikumbatia mpaka Marui. Niliona si haki kumwachia mtoto amweleze bibi peke yake, nikamsindikiza. Bibi aliipokea chupa kwa mikono miwili, akanawa uso, akalamba midomo. "Eee, ndiyo yenyewe." Nikamweleza yote, nikingoja anifukuze. Akamvuta mjukuu wake, akampakata.

"Mwalimu, siku nyingine mje kwetu kabla. Mtuambie sisi tuwaagize. Mtoto akiagizwa habari, ataleta habari. Asipoagizwa, ataleta atakachokiona."

Tangu hapo hakuna safari niliyoifanya bila kupita nyumba kwa nyumba. Kila mzee anamwita mjukuu wake na kumwambia mbele yangu: usiniletee kitu, niletee habari. Mtoto mmoja aliagizwa ahesabu vidole vya polipi, akarudi akiwa amekasirika kwa sababu vilikuwa vinatikisika.

Nilipostaafu, darasa lilichukuliwa na mwalimu kijana, binti mchangamfu. Nilimkabidhi jiwe, soksi na kopo. Nikamkabidhi pia woga wangu, nikamwomba asiutupe. Mtu akiniuliza nilifanikiwa kiasi gani katika kazi, hesabu yangu ni fupi. Najua tu kwamba wote niliowatoa nje ya geti niliwarudisha, na kwamba furaha ya kazi hii mara nyingi niliipata jioni, watoto wakishachukuliwa wote na mimi nikiwa nimekaa kwenye benchi tupu.

Bamvua iliyopita aliwapeleka baharini kwa mara ya kwanza bila mimi. Nilishinda nimekaa na simu mapajani, chai ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena. Alasiri ujumbe ukaingia.

"Shikamoo Mwalimu. Tumeshatoka kwenye maji. Watoto wametimia, mikono imetimia."

Nikamjibu: "Marahaba. Rudia."