Maharagwe Yasiyoiva ya Mama Kiende

Mama Kiende alipika githeri, mahindi yaliyochemshwa pamoja na maharagwe, huko Majengo, nyuma ya maduka ya nyama, na wengi wetu tulijua kwamba jina lake ni Felicitas siku lilipotajwa kanisani. Kwa maharagwe hakuwa na mwenzake. Aliuma punje moja mbichi, akaitafuna kidogo, kisha akamwambia muuzaji usoni kwamba ni mwongo. Lakini mkono wake ulikuwa mzito kutoa. Ukimwomba chumvi, alikuuliza ile ya juzi uliimaliza na nini.

Mwaka wa tisini na mbili, vita vya Somalia vilipowaacha watoto mifupa mitupu, mchungaji alibandika picha ya mmoja wao mlangoni mwa kanisa, akaomba kila nyumba ilete chakula. Chini ya kitanda cha Mama Kiende kulikuwa na gunia la maharagwe ya zamani, yaliyokauka mpaka yakakataa kuiva. Alishayachemsha kutwa, akatia magadi, wapi! Wateja walilalamikia meno yao. Basi akayapepeta, akayaanika, akayapangusa vumbi mpaka yakang'aa, akayapeleka.

"Wao wana shida, watayachemsha tu," alijiambia.

Tusijifanye watakatifu: sehemu kubwa ya vilivyoletwa siku ile ni vitu ambavyo wenyewe walikuwa wamevichoka. Gunia lake lilikuwa kubwa kuliko yote. Walimsimamisha, wakampigia makofi.

Wiki hiyohiyo Ishmael, dereva wa lori lililokodiwa kupeleka msaada huo, akaja kula kwake. Alikuwa ameshafika mpakani na mizigo ya awali.

"Mama Kiende, hii githeri yako ni laini sana," alisema. "Kule ungeona vile wamama wanapika. Kuni hakuna. Mama anaacha mtoto akilia njaa, anaenda mbali kutafuta vijiti, na huko porini kuna watu wako na bunduki. Wengine hawarudi."

Akilini Mama Kiende alimwona mwanamke asiyemjua akifunua sufuria, akibonyeza punje kwa ukucha, akiinuka kurudi porini kwa ajili ya maharagwe yale. Aliona aibu mpaka akashindwa kumtazama Ishmael machoni.

Kesho yake akakodi mkokoteni, akapakia maharagwe mapya aliyoyategemea kwa biashara yake, akaenda kanisani kuyabadilisha. Muthomi, mzee wa kanisa aliyesimamia stoo, alicheka.

"Kubadilisha aje? Tulimwaga zote kwa turubai, tukachanganya, tukapakia upya. Yako iko ndani ya kila gunia sasa."

Mpishi yeyote anajua maana yake. Maharagwe mapya yanapondeka na kuwa uji, huku ya zamani yakibaki vilevile kama changarawe, nawe utaendelea kutia kuni. Uchoyo wake peke yake ulikuwa umeharibu sadaka ya kanisa zima. Mama Kiende akafungua kinywa aseme ukweli. Lakini kina mama waliokuwa wakishona magunia walikuwa wameshauona mkokoteni.

"Mama Kiende ameleta tena!" Vigelegele vikapaa, gunia likashushwa, na wawili wakaja kumkumbatia.

Akafunga kinywa. Hapo ndipo ninapomkasirikia hasa. Gunia la kwanza lilikuwa uchoyo, na mchoyo ni mchoyo, tumemzoea. Kunyamaza huku kulikuwa kupenda sifa, naye alijua, kwa sababu alisema mwenyewe baadaye kwamba kila kigelegele kilimchoma.

Siku ya safari, lori lilipokuwa likifunikwa, alimwendea Ishmael akamshika mkono.

"Mwanangu, ukifika uwaambie wayaloweke kwanza. Yakilala ndani ya maji usiku mzima, yatalainika."

"Waloweke na maji gani, mama?" Ishmael aliuliza, bila ubaya wowote, akapanda kwenye lori.