Siku Niliyosema Boila Naiweza

Kiwanda chetu cha kukamua alizeti, pembeni mwa mji wa Singida, kilisimama mwaka ambao mbegu ziliisha ghalani mapema na mafuta tuliyokwisha kuyakamua hayakuwa na mnunuzi. Meneja alitukusanya uwanjani asubuhi, kabla hatujavaa ovaroli.

"Hamjafukuzwa," alisema. "Mnapumzika kwa muda. Kila mtu aache namba yake ya simu, mtaitwa."

Nilikuwa na miaka mitatu pale. Kazi yangu ilikuwa kulisha makapi ya alizeti kwenye moto wa boila, lile tangi la chuma la kuchemshia maji yatoe mvuke wa kiwanda, na kuzoa majivu. Mke wangu alikuwa upande wa pili wa ukuta wa boila, akijaza mafuta kwenye madumu pamoja na wanawake wengine. Tulijuana humo humo kiwandani. Siku ile tulitoka getini wote wawili, binti yetu wa mwaka mmoja akitusubiri kwa jirani.

Fundi wa boila, mzee mmoja Mnyiramba, hakuacha namba yake. "Mimi si gunia la kuwekwa stoo mpaka mtakaponihitaji," alimwambia meneja mbele yetu. Kesho yake akarudi kwao Misigiri kulima. Mimi nilikuwa nayo namba yake, maana alinizoea, ingawa hakuwahi kuniruhusu nishike chochote zaidi ya beleshi.

Tulikaa miezi minne. Sijawahi kuiogopa simu kama nilivyoiogopa wakati ule. Tulisikia kwamba atakayepigiwa asipatikane ataachwa, aitwe mwingine. Nikawa naenda nayo mpaka bafuni. Mama yangu, kule Kinyangiri, alinitumia ujumbe niende kumsaidia kuvuna mtama. Sikwenda, kwa sababu shambani kwake mtandao unakuja na kupotea. Alivuna peke yake, na mgongo wake haujawa sawa tangu hapo.

Ndipo meneja akapiga.

"Tunaanza Jumatatu. Fundi amekataa kurudi. Wewe umekaa naye. Boila unaiweza?"

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, ananiangalia mdomo. Niliogopa kwamba nikisema siiwezi, mtu mwingine atasema anaiweza.

"Naiweza, bosi."

"Haya. Njoo na mkeo."

Jumatatu nikawasha moto kama nilivyokuwa nikimwona mzee akiwasha. Kuna kioo chembamba ubavuni mwa boila kinachoonyesha maji ya ndani yamefika wapi. Nilikitazama. Kilikuwa na ukungu wa kutu baada ya kukaa muda mrefu, lakini niliona mstari wa maji katikati, nikashukuru Mungu. Presha ilipanda, mashine zikaanza kunguruma, na kupitia ukutani nikasikia wanawake wakicheka, mke wangu akiwamo.

Karibu na saa tano niligundua kwamba ule mstari hausogei. Maji ya boila hucheza kidogo, hupanda na kushuka. Haya yalikuwa yametulia kama yamechorwa. Pampu ilikuwa inalia, lakini bomba lake, nilipoligusa, halikutikisika. Na kulikuwa na harufu ya chuma kilichoungua.

Nilimpigia mzee. Namba haipatikani. Nikapiga tena. Ikaita mpaka ikakatika. Mara ya tatu akapokea mke wake.

"Shikamoo mama. Mzee yuko wapi? Ni mimi, wa kiwandani."

"Marahaba mwanangu. Yuko na mbuzi huko bondeni."

"Mwite mama, nakuomba. Mwite aje mbio."

Nilimsikia akiita kwa Kinyiramba, sauti ikienda mbali. Sijui nilisubiri kiasi gani. Nilikuwa nimeshaweka mkono kwenye koki ya tanki la akiba, nifungulie maji yaingie. Niliona ndiyo akili: maji yamekwisha, ongeza maji.

"Nani kakuweka hapo?" mzee alisema akihema.

"Mzee, kioo kinaonyesha maji nusu lakini hayasogei."

"Fungua kile kibomba cha chini ya kioo. Kinatoa nini?"

Nikafungua. "Mvuke. Mvuke mtupu. Na ule mstari bado upo."

"Huo ni uchafu, si maji. Boila ni kavu. Sasa nisikilize. Usitie maji! Hata kikombe. Ukitia maji baridi kwenye chuma kile, mtakufa wote. Umesikia?"

Niliondoa mkono kwenye koki kana kwamba imeniuma.

"Zima feni ya kupuliza moto. Mwaga majivu juu ya moto, mengi, uufunike. Kisha toka. Toa watu."

Nilizima feni. Nilimwaga majivu beleshi kwa beleshi, machozi yakinitoka, na kila mlio wa chuma nilidhani ndio wa mwisho kuusikia. Kisha nikakimbilia kwa wanawake. Nikawapungia mikono watoke. Mke wangu aliniona uso tu, akaangusha dumu na kuwavuta wenzake wawili kwa mikono. Tulikimbia wote mpaka nje ya geti, ng'ambo ya barabara, tukasimama tukitazama bomba la moshi.

Boila haikulipuka. Presha ilishuka polepole, na jioni boila ilikuwa baridi. Fundi aliyeletwa kutoka Dodoma alikuta chujio la pampu limeziba kwa kutu ya miezi minne, na mabomba ya ndani yameanza kupinda. Akatikisa kichwa, akaniuliza nilisomea wapi.

Nilikwenda ofisini mwenyewe. "Bosi, nilikudanganya. Boila siijui."

Meneja alichezea kalamu. "Nilijua," alisema mwishowe. "Sauti yako ilionyesha. Sikutaka kusikia jibu jingine."

Kiwanda kilifungwa tena wiki tatu kwa matengenezo. Mimi na meneja tulikwenda Misigiri, tukamkuta mzee anafunga uzio wa zizi. Meneja alimwamkia kwa kuinama. Mzee alimwacha asimame juani mpaka akamaliza kufunga waya, kisha akakubali kuja mwezi mmoja tu, anifundishe. Siku ya kwanza alinipiga kofi la mgongoni, si la mzaha, akanionyesha jinsi ya kukisafisha kioo kabla ya kuwasha moto.

Mke wangu hakurudi kiwandani. Sikumwambia ukweli mpaka jioni ya ile Jumatatu ya boila kukauka, tukiwa tumekaa kitandani, mtoto katikati yetu. Nilimwambia kwamba niliposema naiweza, sikuwa naiweza.

Alimfunika mtoto miguu. "Ungeniambia," alisema. "Mimi ningebaki nyumbani na huyu. Angalau angebaki na mzazi mmoja."