Ukuta Usio na Msumari

Mama mdogo hakuwahi kupigilia msumari ukutani. Kioo chake kilikaa dirishani, kimeegemea nondo. Kalenda ililala juu ya meza, chini ya vitambaa, na ukitaka kujua tarehe ilibidi ufukue. Picha ya marehemu mumewe, ndani ya fremu ya mbao, ilikaa kitini. Ukimtembelea alikuambia, "Mpishe baba yako mdogo, ukae," nawe ulimbeba kwa mikono miwili, ukamlaza kitandani, ndipo ukakaa. Majirani walitania kwamba kwa fundi cherehani hata marehemu wanagombea viti.

Walipooana, baba mdogo alipigilia msumari mmoja wa kutundikia koti katika chumba chao cha kwanza. Mwenye nyumba akauona, akasema ukuta wake umetobolewa, na mwezi haukwisha wakawa barabarani na kitanda chao. Baada ya hapo walihama kila kodi ilipowashinda, na baba mdogo akafa bado mpangaji. Mama mdogo hakupenda kuyazungumza hayo. Alisema tu kwamba ukuta wa mtu ni kama mke wa mtu: utazame, usiuguse.

Chumba ninachokikumbuka zaidi kilikuwa katika nyumba kuukuu karibu na soko, vyumba vimezunguka ua. Alishona humo sare za shule na mapazia. Mwenye nyumba yule hakuwa na tamaa, ndiyo maana wapangaji wake walizeekea pale pale. Alipofariki, watoto wake wakataka kuuza. Mnunuzi alikuwa tayari, tena wa kubomoa na kusimamisha ghorofa ambalo hakuna mtu wa ua ule angeweza kupanga hata ngazi zake. Lakini binti mkubwa wa marehemu, aliyewasimamia ndugu zake, alisema wapangaji wakiweza kununua kwa pamoja atawapa nafasi ya kwanza, kwa bei atakayoikadiria mthamini.

Wakaunda ushirika. Katika mikutano ya ua ule vijana walibeba viti na wazee wakavikalia, na kila mtu alijua kwamba mwenyekiti atakuwa karani mstaafu wa chumba cha mbele, kwa kuwa alikuwa na sauti nzito na miwani. Aliyekuwa akigawa viti siku ya kumchagua mwenyekiti ni msusi, binti wa chumba cha mwisho kando ya choo, ambaye alisuka nywele za watu barazani na kuyajua matatizo ya kila nyumba. Mama mdogo alipopewa kiti alikipeleka mbele, akamwambia binti akikalie yeye. Kisha akawaeleza wenzake kwamba mkopo wa benki hulipwa miaka mingi, naye hataki mwenyekiti atakayeuacha njiani aende zake kaburini. Watu wakacheka. Karani naye akacheka, kwa shida. Msusi akachaguliwa.

Hakukawia kukosea. Aliposikia mthamini anakuja, alishikwa na haya ya mtu anayetembelewa na mgeni ghafla. Akawahimiza wote wazibe nyufa, wapake rangi, wafagie ua. Atuone kwamba sisi ni watu, alisema, na hakuna aliyeona tatizo. Karani mwenyewe alipanda ngazi na brashi. Mama mdogo peke yake alikataa. Ukuta ule, alisema, bado si wake. Msusi akamsihi, wengine wakamnunia kwa kutaka kuwaaibisha. Siku ya mthamini, mama mdogo alipokuwa sokoni kupeleka sare, wakaurudisha mlango wake na kuweka pipa la maji mbele yake.

Mthamini alipita, akausifu usafi, akaenda. Bei aliyoileta ilikuwa juu kuliko mkopo ambao benki ingeweza kuwapa. Walikuwa wameipandisha nyumba bei kwa brashi zao wenyewe, ili wainunue wao.

Karani alisema hadharani kwamba ndiyo faida ya kumpa mtoto usukani. Nilikuwa kwa mama mdogo mchana ule, nimempisha baba mdogo na kukaa, msusi alipoingia akasimama mlangoni.

"Mama, nimewaharibia," alisema. "Naacha. Wamchague mzee karani."

Mama mdogo hakuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Kubomoa umeshabomoa. Sasa ajenge nani? Karani? Ngazi ya rangi tu alishuka anatetemeka kama kuku wa mvua."

Binti alicheka machozi yakimtoka. Alipokuwa akijifuta uso, macho yake yalitua kwenye ukuta nyuma ya cherehani: unyevu ulikuwa umepanda hadi usawa wa kiuno, plasta imevimba, ufa unaingia kidole.

"Hata kwangu palikuwa hivi hivi," alisema polepole. "Kwetu sote."

Kesho yake alimleta binti wa marehemu mwenye nyumba. Hakuficha kitu, alimweleza kwamba rangi ni ya wapangaji na wazo lilikuwa lake. Mgeni naye akaambiwa ampishe baba mdogo akae, na kwa kutojua amweke wapi akampakata. Akauliza kwa nini chumba hiki hakikupakwa.

"Ukuta ni wa baba yako, mwanangu," mama mdogo alimjibu. "Nimeutunza alivyoniachia."

Mgeni alinyoosha mkono akaugusa ukuta, na kipande cha plasta kikamdondokea mkononi. Mthamini aliitwa tena, vyumba vyote vikakaguliwa hadi chini ya rangi, na bei ikashuka mpaka pale mkopo ulipofika. Karani akatangaza kwamba yeye alijua tangu mwanzo.

Sasa vijana wa nyumba nyingine humjia msusi kuuliza wafanyeje. Kabla ya yote huwasimulia kosa lake la rangi. Mama mdogo aliwapa chumba chake wakutanie, akashona akiwasikiliza, na aliyejigamba mno alitumwa akabebe viti. Malipo ya mkopo wa ushirika hayapandi kila mwaka kama kodi ilivyopanda, na watoto wa ua ule wanamaliza shule ile ile waliyoanzia. Mimi bado napanga. Jioni nyingine huzitazama kuta zangu na kumfikiria.

Kile chumba alikipaka rangi ya bluu kilipokuwa chake, lakini msumari hakupiga. Nilimuuliza siku moja, akasema mazoea yana taabu, na baba mdogo alishazoea kukaa.

Moyo wake ulipoanza kuchoka nilikwenda mara kwa mara. Mchana wa mwisho nilioongea naye alikuwa amelala, ametulia, anasikiliza vicheko vya barazani kwa msusi. Niliinama kuichukua picha ili nikae, kama siku zote. Akanishika mkono.

"Nyundo iko chini ya cherehani," alisema. "Baba yako mdogo amekaa vya kutosha, mwanangu. Mtundike."