Kumi na Tatu kwa Vidole

Katika maabara ya kompyuta ya chuo kimoja Cochabamba, mwalimu wa C, lugha ya kuandikia programu, hufundisha programu inayojiita yenyewe kwa vidole: anavikunja, kila namba ikimwita mdogo wake hadi moja, kisha anavikunjua akizidisha. Leo ameanzia kumi na tatu. Kompyuta ikatoa 1932053504.

"Mashine haikosei, jamani!" akasema mwalimu.

"Samahani, Profesa," akasema mwanafunzi Yhasmani. "Si humo tumezidisha kwa kumi? Mbona haiishii na sifuri?"

Vidole vikaganda. Namba ilikuwa kubwa kuliko nafasi iliyotengewa katika kumbukumbu ya kompyuta, ikakatwa, na miaka yote hakuwahi kuihakiki. Hakuthubutu kutazama nyuma, alikokaa Wara, anayerudia somo. Mwaka jana Wara alizidisha namba hizohizo kwa mkono akapata 6227020800. Mwalimu aliikata kwa wino mwekundu, akaandika: "Acha kubuni."