Dawa Inayopanda

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa bati hata kidogo. Karakana ilikuwa Arusha mjini, nyuma ya safu ya maduka ya Wahindi, na mwenyewe alikuwa Singasinga mmoja mzee ambaye sote tulimwita Fundi Mkuu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, nimetoka Kikatiti na cheti cha shule ya misheni mfukoni, nikidhani nitakabidhiwa nyundo. Akanipa gazeti kuukuu na mkasi.

“Tengeneza ndoo,” akasema.

Nilikunja karatasi mpaka jioni. Alipokuja kuangalia, aliitia mchanga ile ndoo yangu, akaiinua, na mchanga ukamwagika pale nilipounganisha.

“Bati nalo ndivyo lilivyo,” akaniambia. “Chombo hakivuji tumboni, huvuja kwenye mshono. Kesho anza tena.”

Nilikunja karatasi kwa siku tisa. Ndipo nikapewa mkasi wa bati, nyundo ya mti na chuma cha kulehemu, kile chenye kichwa cha shaba ambacho hupashwa kwenye makaa, kikachovywa asidi, kisha kikayeyusha risasi juu ya maungio. Wakati huo wa Mwingereza karibu kila kitu cha nyumbani kilipita mikononi mwa fundi bati: koroboi, ndoo, karai, mabomba ya moshi, mifereji ya kukinga maji ya paa. Madebe ya mafuta ya taa hayakutupwa. Tuliyafungua, tukayanyoosha, yakageuka kitu kingine. Nilikaa pale miaka minne, na mpaka leo nikipita mahali nikasikia harufu ya asidi kwenye shaba ya moto, hupunguza mwendo.

Hospitali moja ya misheni, iliyokuwa mlimani juu ya Moshono, ilipohitaji fundi wa kukaa palepale, Fundi Mkuu alinitoa mimi. Hakunipa hotuba. Aliniambia tu, “Usiwafanyie kazi ambayo utaona haya nikija kuiona.”

Kule mkubwa wangu alikuwa Sista Mkuu, mama wa Kizungu aliyevaa aproni ya kijivu na kuzungumza Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Nilipewa chumba cha mbao ubavuni mwa chumba cha dawa. Kati yetu kulikuwa na ukuta wa mbao zilizoachana kidogo, na upande wa pili alifanya kazi binti mmoja wa kwetu Meru aliyeitwa Naelijwa. Kazi yake ilikuwa kuchanganya marhamu, yaani dawa laini za kupaka. Aliweka unga wa dawa juu ya kibao cha marumaru, akaongeza mafuta mazito na nta ya nyuki, akakanda kwa kisu kipana kisicho na makali mpaka kusibaki punje hata moja. Kutwa nzima niliisikia sauti ya kisu kile juu ya jiwe, kwenda na kurudi. Mbele ya Sista Mkuu tulizungumza Kiswahili. Akitoka, tulirudi kwenye Kimeru chetu.

Asubuhi moja aliingia chumbani kwangu na kopo dogo.

“Fundi, hebu nusa.”

Nikanusa, nikageuza uso. Ndani mlikuwa na marhamu ya macho iliyobadilika rangi, ina mavumbi na unywele mmoja.

“Hili nililijaza mwenyewe wiki mbili zilizopita, jeupe kama maziwa,” akasema. “Limerudi kutoka Nduruma. Watu tisa wa boma moja wamechovya vidole humu. Mama anampaka mtoto mwenye vikope, anachovya tena, anampaka asiyeumwa. Nawagawia ugonjwa kwa mkono wangu.”

Vikope ndiyo maradhi ya macho yaliyowapofusha watu wengi siku zile, na huambukizwa kwa kugusana. Naelijwa alikuwa amekwisha kumweleza Daktari, mkuu wa hospitali, na Daktari alikuwa ameamua. Dawa ya macho isitolewe tena kupelekwa nyumbani. Anayeitaka aje hospitalini apakwe.

“Kutoka Nduruma?” nikauliza. “Kupanda huku kila siku?”

“Ndivyo nilivyomuuliza. Mtu asiyeona njia ataipandaje?”

Tulikwenda pamoja kwa Sista Mkuu. Alitusikiliza akiwa amesimama, kisha akasema, “Nitamwomba Daktari mwezi mmoja. Nileteeni chombo ambacho kidole cha mtu hakiingii ndani. Na mama asiyejua kusoma aweze kukitumia bila kuambiwa mara mbili.”

Wazo la kwanza lilikuja upesi, na nilijivunia mno. Kama kidole hakitakiwi kuifuata dawa ndani, basi dawa ipande yenyewe juu. Nikatengeneza mrija wa bati wenye urefu wa kidole, ulio wazi huku na huku. Ndani nikaweka kisahani cha mti kinachoenea kabisa, nikakipigilia kijiti kwa chini. Unasukuma kijiti, kisahani kinapanda, dawa inachomoza juu, unachukua iliyochomoza tu.

Naelijwa aliujaza, akasukuma. Dawa ilichomoza kidogo juu, na nyingine ikashuka pembeni mwa kisahani ikamwagikia kiganjani mwake.

“Imekuja kunisalimia,” akasema.

Kosa lilikuwa kwenye mshono. Nilikuwa nimepandisha ukingo mmoja wa bati juu ya mwenzake, kwa hiyo ndani kulikuwa na ngazi ndogo, na dawa ilipata njia pale. Niliomba kipande cha bomba la maji, nikawa nakunjia bati juu yake kwa nyundo ya mti, mkunjo wote nikautoa nje. Ndani pakawa laini. Kisahani nacho nilikivisha ngozi nyembamba ya ng'ombe iliyolowekwa kwenye nta, kama ile iliyomo ndani ya pampu ya baiskeli. Ngozi hutanuka, ikabana ukuta pande zote. Kazi hiyo ilinichukua siku kumi na mbili na vidole viwili vilivyoungua.

Haikuvuja tena. Lakini Naelijwa, ambaye hakuwa mtu wa kusifu kabla ya kutazama mara mbili, alisukuma, akachukua dawa kidogo, kisha akavuta kijiti. Dawa yote ikazama tena ndani, pamoja na ile aliyokwisha kuigusa.

“Uchafu umerudi nyumbani,” akasema.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili tu. Nilifikiria meno ya kukishika kijiti kisirudi, nilifikiria skrubu, nilifikiria waya wa kuzuia, na kila nilichofikiria kingehitaji mashine ambayo hatukuwa nayo. Yeye alikuwa amesimama mlangoni akijifuta mikono kwenye aproni.

“Kwani ni lazima kijiti na kisahani viwe vimefungwa pamoja?”

“Kitasukumwaje?”

“Kisukume, halafu kiondoke. Kisahani kibaki pale kilipofika.”

Nikaung'oa msumari palepale, mbele yake. Tukasukuma kwa kijiti kilicho huru, tukakivuta, kikatoka kitupu. Kisahani kilibaki kimebanwa na ngozi yake, na dawa haikurudi nyuma hata unene wa kucha. Alipiga makofi mara moja, kisha akaona haya, akarudi upande wake. Muda si muda nikasikia kisu juu ya jiwe, na juu ya sauti ya kisu, anaimba.

Tulipeleka mirija ishirini Nduruma siku ya zahanati ya kule, kwa gari la hospitali, Naelijwa, Sista Mkuu na mimi. Mlimani kwetu ni baridi, na dawa ilikuwa imesimama imara kama samli ya asubuhi. Huko chini jua lilikuwa kali, na kufika saa sita ilikuwa imeyeyuka yote na kutiririka juu ya meza. Akina mama walituangalia kwa huruma. Tulipofika, Naelijwa hakwenda kula. Aliwasha jiko, akaongeza nta kidogo kidogo, kila mchanganyiko akiuweka juani kwenye bati langu na kuuandika. Kwa siku tatu sikumwona akicheka. Siku ya nne aliniita nje. Mrija ulikuwa umelala juani tangu asubuhi, na alipousukuma, dawa ilichomoza ikiwa imesimama.

Tuliporudi Nduruma, mama mmoja mzee wa Kiarusha alichukua mrija, akausukuma, akaitazama dawa inavyotokeza, akasema jambo kwa Kimaa, lugha yao, na wenzake wakacheka. Tulitafsiriwa: “Hii dawa inapanda kama uyoga.” Kuanzia siku hiyo jina lake likawa dawa inayopanda, mpaka kwenye daftari la Sista Mkuu.

Mwezi ulipokwisha Daktari alikata kwa mkasi wa bati mirija mitano iliyorudi kutoka Nduruma, akaangalia dawa iliyobaki chini. Ilikuwa nyeupe. Alimgeukia Sista Mkuu akasema, “Waendelee.” Sifa nyingine kutoka kwake sikuwahi kuisikia, na ile ilinitosha.

Sasa niwaambie ninyi vijana mnaoanza kazi hii ya bati kitu ambacho hakimo katika mafunzo ya ufundi. Miaka miwili iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka kuliko yote. Nilitengeneza mirija, yeye akaijaza. Nilipitisha mitupu kwenye nafasi iliyokuwa baina ya mbao, nayo ilirudi imejaa. Alijua kwa mlio wa nyundo yangu kama nina hasira. Nilijua kwa mwendo wa kisu chake kama amechoka. Hatukuwahi kukaa meza moja, wala sikuwahi kumshika mkono. Wazazi wake walikuwa watu wa kanisa, wangu vilevile, na hakuna ambacho kingetuzuia. Nilikuwa nangoja tu siku ambayo maneno yangekuwa rahisi.

Misheni ikafungua zahanati upande wa magharibi wa mlima, na Sista Mkuu akamchagua Naelijwa akasimamie dawa. Alikuja kuniambia mwenyewe.

“Naondoka Jumatatu. Lori linatoka saa mbili asubuhi.”

“Utahitaji mirija mingapi?” nikauliza.

“Utakayoweza,” akasema.

Jumatatu saa mbili nililisikia lori likiunguruma uani. Nilikuwa ninalehemu. Nikajiambia kwamba nikiondoka risasi itapoa. Risasi ikipoa hupashwa tena. Hata anayeanza kazi leo analijua hilo.

Aliniandikia. “Mirija imefika, mizima kumi na minane, miwili imebonyea. Huku mvua ni nyingi na jioni ni ndefu. Huko kwenu je?” Nikajibu: “Iliyobonyea irudishe. Kama ngozi inakauka, iloweke kwenye nta ya uvuguvugu.” Barua zilikwenda na kurudi namna hiyo zaidi ya mwaka. Kisha ikaja moja fupi iliyosema kwamba ameposwa na mwalimu wa shule ya kule, mtu mwema, na kwamba mirija iliyobaki inatosha. Niliisoma nimesimama. Nikachukua bati, nikakata mrija, nikaukata vibaya.

Haikupita miaka mingi ikaja dawa mpya ya macho kutoka ng'ambo, ndani ya mirija laini ya kiwandani, inayobinywa mkiani. Sista Mkuu aliniletea mmoja niushike mkononi.

“Fundi, nadhani hii imetushinda,” akasema kwa upole.

Niliugeuza, nikatafuta mshono, sikuuona. “Ni kazi safi, Sista,” nikamjibu, na nilisema kweli.

Hapo nilirudi Kikatiti, nikafungua karakana yangu kando ya barabara ya Moshi. Nilitengeneza mifereji na ndoo, nikaoa, nikapata watoto wanne. Mke wangu alikuwa mwema kwangu mpaka alipofariki, na sisemi haya kumpunguzia chochote. Bendera ya Mwingereza ilishushwa nikiwa juu ya ngazi ninafunga mfereji. Mikono ilipoanza kutetemeka na risasi ikawa inadondoka nisipotaka, niliweka chini chuma cha kulehemu, nikastaafu.

Mtu aliyestaafu ana nafasi ya kufikiri, na hiyo si zawadi kwa kila mtu. Siku moja nilipanda gari hadi Arusha, nikapanda jingine, nikamalizia kwa miguu hadi upande ule wa mlima alikokwenda Naelijwa. Mwalimu, mumewe, alinipokea uani. Alikuwa mzee mwenye fimbo na sauti ya darasani.

“Wewe ndiye wa dawa inayopanda!” akasema. “Karibu sana. Nyumba hii inakujua.”

Naelijwa alitoka na chai. Nywele zilikuwa nyeupe, lakini alibeba sinia kama alivyobeba kibao cha marumaru, bila kukitazama. Tulizungumza habari za Sista Mkuu aliyekwisha kurudi kwao, za Nduruma, za bei ya nta. Mwalimu alicheka sana aliposikia dawa ilivyomwagikia mkewe kiganjani. Jua lilipoanza kuinama niliaga, na Naelijwa akanisindikiza hadi langoni.

“Barua zako nilizisoma zote mara mbili mbili,” akasema. “Nilikuwa natafuta kama kuna neno umelificha.”

“Hukuliona?”

“Niliona ngozi na nta.”

“Sikujua kuandika mengine.”

Akaondoa jani lililonasa kwenye bega la koti langu.

“Mimi nilijua,” akasema, “na sikuandika. Kwa hiyo usiubebe mzigo huo peke yako.”

Mwalimu alimwita kutoka ndani, akiuliza ilipo miwani yake. Akaitika, akaniambia niende salama, akageuka. Nilisimama pale mpaka mlango ulipofungwa, kisha nikashuka polepole kutafuta gari la Arusha.