Swala wa Tangi Jekundu

Tangi lilikuwa tupu tena.

Mama Pikipiki alisimama mlangoni mwa karakana, mkoba ungali begani, akageuza kichwa polepole huku na huku, maana siku hizi ilimbidi akitafute kitu ndipo akione. Akalipata juu ya meza ya kazi. Jekundu, limepakwa rangi likapakika, na ubavuni hapana kitu. Aliahidiwa kwamba leo atamkuta swala amebandikwa pale.

"Shikamoo, dada," mdogo wake alisema bila kuinua uso. Alikuwa ameinamia kipande cha karatasi na rula ya chuma.

"Swala yuko wapi?"

"Mkia, dada."

"Mkia umefanya nini?"

"Umeinuka. Wa asili ulikuwa umelala. Huyu waliyeniletea mkia wake umesimama. Ukimwangalia vizuri ni mbuzi."

Mdogo mtu hakupata marahaba yake siku ile. Dada alibaki pale mlangoni akihema, na hasira ikampanda mpaka masikio yakawa ya moto. Acha niseme mapema: alikuwa na haki. Na mtu atakayeniambia kwamba mama wa umri wake alipaswa kutulia, basi huyo hajawahi kuahidiwa kitu na fundi.

Alikuwa mkunga wa zahanati, na pikipiki yenye tangi lile aliipata kwa sababu hakuna mwanamume aliyeitaka. Ilikuwa imeletwa kwa ajili ya njia za nyuma, zile zenye matope na madaraja ya magogo, na kila aliyepewa ufunguo aliugua mgongo ghafla. Mganga mkuu akasema basi mkunga atafutiwe dereva, yeye akae nyuma. Mkunga akamwuliza kama huyo dereva atamsaidia pia kukata kitovu. Akajifunza mwenyewe kwenye uwanja wa zahanati, akaparamia ua, akaparamia kamba ya kuanikia mashuka, akarudi siku moja na kiatu kimoja cha mpira kwa sababu cha pili kilinaswa matopeni. Mtoto wa siku hiyo alizaliwa salama. Kiatu hakikuonekana tena.

Kwenye tangi la pikipiki, kila ubavu, palikuwa na lebo ya kiwanda: swala anayeruka, wa rangi ya dhahabu, miguu ya mbele ameikunja. Watoto wa njia zile hawakujua jina la mkunga wala la pikipiki. Walisikia mlio, wakatoka mbio wakipiga kelele kwamba swala kaja, na ndani ya nyumba mwanamke aliyekuwa akiumwa uchungu akajua kwamba hayuko peke yake. Miaka yote hiyo goti la kulia la mkunga lilimsugua swala wa kulia hadi miguu yake ya nyuma ikafutika. Zahanati ilipopata gari, pikipiki ikatupwa nyuma ya choo. Mkunga akaiomba, akapewa, akaifunika gunia, akaiweka kwenye stoo yake ikaoza kwa heshima.

Mdogo wake sasa. Mtaa mzima walimwita Milimita, na hawakukosea. Kazi yake ilikuwa kufufua pikipiki za zamani kwa ajili ya watu wanaopenda vitu vya zamani, lakini injini kwake ilikuwa kazi ya kawaida tu. Sifa yake ilikuwa lebo. Alijua kwamba kwenye kikinga cha mnyororo kuna kilebo cha upepo wa tairi, na kwamba kilibandikwa kikiwa kimeinama kidogo kwa nyuma. Alijua kile cha pembeni mwa kifuniko cha tangi, kinachosema uchanganye petroli na oili, na kile kinachomwonya mwenye injini mpya asiikimbize. Kabla ya kukwangua rangi ya zamani alikuwa akiisugua kwa msasa wa maji, taratibu, siku nzima, mpaka kivuli cha lebo iliyokwisha futika kijitokeze kwenye bati, ndipo achore mipaka yake. Wateja walimkimbia kwa uchelewaji, wakarudi kwa sababu hapakuwa na mwingine. Alikuwa mtu mwema. Alikuwa pia mtu wa kukutoa roho.

Yeye mwenyewe ndiye aliyejitolea kuifufua pikipiki ya dada yake. Na ingeendelea kuwa zawadi ya polepole, isiyo na madhara, lau si macho.

Daktari alimwambia Mama Pikipiki kwamba ni presha ya macho. Hakumzungusha, alijua anaongea na mtu wa kazi. Uoni unaliwa kuanzia pembeni kuja katikati, kama mlango unaofungwa taratibu, na kilichokwisha liwa hakirudi. Dawa ya matone itachelewesha, haitazuia. Yeye aliitikia, akachukua dawa zake, akatoka pale moja kwa moja hadi karakana.

"Sikiliza, mdogo wangu," alimwambia. "Kuendesha sitaendesha, hilo limekwisha. Nataka nimwone swala wangu tangini kabla sijafungiwa mlango. Basi. Sitaki kingine."

Milimita aliweka spana chini, akaapa kwa marehemu mama yao kwamba atamwona. Alilia hata. Mimi nasema angelia kidogo akabandika mapema.

Kwa maana lebo za kwanza zilipokuja, mkia ulikuwa umesimama. Akazirudisha, ila moja aliibakiza kwenye droo ili awe anaionyesha watu na kuicheka. Za pili zikaja na mkia uliolala, lakini mwandiko wa chini ya swala ulikuwa mweupe pee, na wa asili ulikuwa mweupe wa kuelekea rangi ya maziwa. Akazikataa. Akatafuta mchapaji, akamkalia kichwani, akamchorea swala kwenye karatasi, akamkatalia sikio, akamkatalia kwato. Kila Mama Pikipiki alipokuja, alipaswa kugeuza kichwa zaidi ili aone meza ilipo.

"Hivi huyu ana akili?" alimwuliza wifi yake, mke wa Milimita, jikoni. "Mimi naona kitundu cha ukubwa wa sahani. Kesho kitakuwa kikombe. Yeye ananiambia habari za kwato."

"Wifi, wewe ni dada mtu, unaweza kumgombeza," wifi alisema. Mdomo wake haukuwa na breki hata siku moja. "Mimi niliolewa na rula. Siku ya harusi alinisogeza kushoto mara ngapi ili picha ikae sawa?"

Walicheka wote wawili, lakini Mama Pikipiki alicheka kwa hasira, na akaondoka na wazo.

Asubuhi iliyofuata Milimita alipokwenda dukani kutafuta skrubu, dada yake aliingia karakana, akaipapasa droo, akamtoa yule swala wa kuchekwa. Mkia juu, mkia chini, atakuwa swala. Akajaza maji kwenye beseni. Lebo zile za zamani hazikuwa na gundi ya kubandua. Unazilowesha, utando mwembamba unaachana na karatasi yake, unautelezesha kwenye bati kama utando wa maziwa ya moto, kisha unautandaza kwa kidole. Kazi ya mikono, akawaza, na mikono yangu imepokea watoto wa wilaya nzima.

Mikono ilikuwa mizuri. Macho ndiyo yaliyomsaliti. Alipokiona kichwa cha swala hakuuona mkia, na alipoufuata mkia kichwa kikampotea. Huku akitandaza upande wa mbele, upande wa nyuma ukajikunja chini ya tumbo, akauvuta, na swala akakatika shingo. Alibaki na vipande vya dhahabu vimemganda vidoleni. Milimita akamkuta hivyo.

Hakuwahi kumpigia dada yake kelele tangu azaliwe. Siku ile alimpigia.

"Nani kakwambia uguse? Rangi yangu ile, umeimwagia maji, umeikwaruza kwa kucha. Kwa nini unashika usichokijua?"

"Nisichokijua mimi?" Sauti ya dada ilishuka, na waliomjua walijua kwamba hapo ndipo pa kuogopa. "Nimekikalia hicho kidude kabla wewe hujaota ndevu. Unanificha kitu changu mwenyewe kwa ajili ya mkia."

"Bwana, si ulimkataa mwenyewe huyo swala?" wifi aliuliza kutoka uani. "Sasa unamlilia nini?"

"Nyamazeni wote," Milimita alifoka.

Mama Pikipiki alijifuta vidole kwenye kanga, akachukua mkoba wake, akampa mdogo wake kisogo. Hakukanyaga tena pale. Salamu hakutuma, za kutumwa hakuzijibu. Milimita alivimba kwake, dada akavimba kwake, na wote wawili walikuwa wa tumbo moja, kwa hiyo kila mmoja alijua kuvimba.

Ni katika kuvimba huko mlango ulipofungwa. Aliamka akaona dirisha ni mwanga tu, hapana nondo, hapana mti wa jirani. Akakaa kitandani. Hakulia, alitukana, kwa sauti ya chini, tusi baada ya tusi, mengine alikuwa hajui kama anayajua. Kisha akapapasa mpaka kwenye simu na akamwita wifi yake.

"Usimwambie," alisema.

"Wifi, nitanyamazaje na jambo hili?"

"Akijua atabandika kwa huruma. Huruma siitaki. Nilipewa ahadi."

Wifi akala kiapo. Kilimkaba. Jioni zile alizunguka karakana akimwambia mumewe fanya haraka, fanya haraka bwana, na mume akajibu kwamba vanishi haiharakishwi. Maana swala wa kweli alikuwa amepatikana hatimaye. Mchapaji alimleta mkia umelala, mwandiko rangi ya maziwa, na Milimita alimbandika pumzi ameibana, akimpima kutoka mshono wa tangi, kutoka kifuniko, na tena kutoka mshono. Kisha vanishi juu yake. Ikauke. Msasa wa maji. Vanishi tena. Ikauke. Mafundi wa lebo wana neno lao, husema lebo imezama: ukingo wake umefunikwa hadi hakuna ngazi tena kati ya lebo na rangi, na ukipitisha ukucha haukwami popote. Hiyo ndiyo sifa ya mwisho katika kazi hiyo. Lebo inayokwama ukucha ni ya mwanafunzi.

Swala alipozama, Milimita alivaa shati safi na kumtuma mkewe amlete dada.

Wifi alimleta amemshika mkono. Mdogo mtu aliona, akadhani ni upatanisho wa wanawake, akafurahi. Pikipiki ilikuwa uani, juani, inawaka wekundu wake wote.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Dada, tulipishana maneno. Nisamehe. Mwangalie basi, huyo hapo."

Mama Pikipiki alikuwa ameelekea kwenye gurudumu la mbele. Wifi akamsogeza, akauchukua mkono wake, akauweka juu ya tangi. Mkono ukalitambua papo hapo. Ukakipata kifuniko, ukashuka kwenye mteremko, ukafika ubavuni, mahali pa goti, ukatulia. Kisha vidole vikaanza kutafuta. Vilikwenda mbele, vikarudi nyuma, vikapanda, vikashuka. Bati lilikuwa laini na la baridi, lote sawasawa.

Milimita aliona vidole vile na kifua kikamjaa. Alidhani anapimwa kazi yake na mtu anayestahili kuipima.

"Tafuta tu," alisema huku akicheka. "Hata kwa ukucha humpati."

"Kweli," dada alisema. "Simpati."

Uso wake ulikuwa umeelekea ukutani, mbali na tangi. Kicheko cha Milimita kikakatika. Alimtazama mkewe, na mkewe akatazama chini.

"Tangu lini?" aliuliza. "Dada. Kwa nini hukuniambia?"

Mkono wa dada haukutoka tangini.

"Nikwambie saa ngapi?" alisema. "Ulikuwa unapima."